Safu ya Nne

Kikoba chetu cha Igombe hukutana wakati wa mbalamwezi,
kwa kuwa mwezi ukiwaka dagaa hawavuliwi
na hakuna mwenye udhuru.
Sanduku lina kufuli tatu, funguo zina watu watatu,
daftari lina katibu mmoja, ndiye mimi,
na hadi Desemba ile lilikuwa na safu tatu:
Hisa. Mkopo. Mgao.

Mwaka wa kwanza tulivunja sanduku, tukagawana hadi sarafu.
Tukala mchele wa Kahama, tukashona vitenge sare,
na Januari, giza liliporudi ziwani na taa zikawashwa,
tukaenda kwa Majura, mmoja mmoja, kwa kujificha,
kukopa kwa asilimia kumi kila mwezi
fedha ambazo juzi zilikuwa zetu.

Mwaka wa pili nikamwita Holo apokee chake.
Elfu arobaini na moja na mia tano.
Hakunyoosha mkono.
"Irudishe ndani."
"Ndani wapi? Mgao hauna mlango wa kurudi."
"Basi utoboe."

Nikachukua rula ya mwanangu,
nikachora mstari, ukaenda upogo kidogo,
nikabaki na kalamu hewani:
safu imepatikana, jina hakuna.

Bwana wa benki, aliyekuja siku ile na kreti mbili za soda,
alisema jina lipo: faida isiyogawiwa.
Minza akaguna.
"Isiyogawiwa! Ni kama kumwita mwanao Asiyezikwa.
Kitu gani hiki kinachoitwa kwa jambo ambalo hakikutendewa?"

Fundi Kwilasa, mwanamume pekee kati yetu,
mikono ina grisi ya injini hata Jumapili,
akasema liandikwe mtaji,
ila lisomwe kama linavyosomwa baoni:
kete ulizokula huzitii mfukoni,
unazipanda tena, shimo kwa shimo, upande wako,
na ile ya mwisho ikiangukia pazuri, unakula tena.
Sijui kama mtaji wa duka ulizaliwa na mtaji wa bao
au ni majina tu yaliyofanana sura.
Nililipenda. Karibu niliandike.
Milembe akauliza, mtoto mgongoni:
"Na kwenye bao si lazima mmoja afungwe?"
Kwilasa akatazama kufuli.

Ndege ya jioni ikapita chini, tukanyamaza kuisubiri.
Ilipotua, Holo alikuwa ameshaanza kusema,
kwa sauti ileile anayouzia ndoo ya dagaa:
kwao Buchosa, mama yake aking'oa muhogo
alikata shina kabla ya kumenya mzizi.
"Sisi tunalia njaa, yeye anahesabu macho ya kijiti."
Urefu wa shibiri, macho matano;
akilaze ardhini, ndipo awashe moto.
"Kijiti hakiliwi, hata ungekitaka.
Ndiyo maana hakuna aliyemwita mama bahili.
Tulikiita pingili, basi."

Nikaandika PINGILI, herufi kubwa,
nikauliza nani mwingine.
Milembe alichukua chake chote: sare ya shule haingoji.
Nikamhesabia bila kuinua macho, maana hana kosa.
Minza aliacha nusu. Kwilasa, elfu ishirini.
Mimi niliyechora mstari niliacha elfu tatu.
Msiniulize. Majura alikuwa bado ananidai.

Bwana wa benki akaomba daftari, akatabasamu,
akaanza kueleza jinsi faida inavyozaa juu ya faida,
mwaka wa tano, mwaka wa kumi,
kidole chake kikipanda hewani kama ngazi.
Holo akamkata:
"Na pingili nyingine huoza, baba.
Mvua ikizidi. Mchwa wakija.
Hilo nalo lina safu?"

Akafungua soda.
Nikaliandika mimi, pembeni, kwa penseli.